Mzigo Nyuma, Shingo Mbele

Pikipiki ya bodaboda haikai muda mrefu kama ilivyotoka dukani. Kabla haijaizoea barabara imeshawekewa keria ya nondo, vyuma vya kukinga miguu na kiti kirefu. Baadaye shokapu za nyuma zinabadilishwa, tairi la nyuma linawekwa nene zaidi, usukani unapandishwa, na mwenye kazi ya mizigo mizito anamwendea fundi wa kuchomelea amrefushie mkono wa nyuma, ule unaoshika ekseli. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima imepita karibu na kazi hii, mara nikiwa juu ya kiti, mara nikiwa chini na spana, na sijawahi kukubaliana na wanaoyaita mabadiliko haya uharibifu. Kiwanda cha India au China kilichora pikipiki ya dereva na abiria mmoja kwenye lami. Anayeshusha magunia ya mkaa mjini, au anayepandisha kreti za soda kwenye vilima vya Mbeya, ana haki ya kuirekebisha ifuate kazi yake. Ila miaka hiyo imenifundisha jambo moja ambalo natamani lijulikane kila kijiweni na kila gereji: karibu kila kinachofanywa nyuma ya pikipiki kinabadilisha usukani wake, hata kama hakuna aliyeugusa usukani. Na kwa pikipiki ya kubeba, mafundi wengi wanahangaika kuinua kilichozama, wakati kazi inayookoa watu ni kupunguza tofauti kati ya pikipiki iliyobeba na pikipiki tupu.

Tuanze na shingo, lile bomba fupi mbele ya fremu ambamo mhimili wa usukani huzungukia juu ya gololi. Shingo haikusimama wima. Imelala nyuma kidogo, kwa pikipiki nyingi za barabarani kati ya digrii 24 na 28 kutoka wima. Ukiuendeleza mstari wa shingo mpaka chini, utagusa ardhi mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Umbali kati ya nukta hizo mbili nitauita mkokoto, kwa kuwa tairi linakokotwa nyuma ya mstari unaoliongoza, kama kigurudumu cha toroli la hospitali kinavyojigeuza chenyewe kufuata upande toroli linakosukumwa. Kwa pikipiki nyingi mkokoto ni kama milimita 90 hadi 110. Ukubwa wa vidole vichache tu, lakini humo ndimo inamokaa tabia yote ya usukani. Mkokoto ukiwa mfupi, usukani unakuwa mwepesi, unaitika haraka, na kila jiwe la barabarani linafika mkononi. Ukiwa mrefu, pikipiki inang'ang'ania kwenda moja kwa moja, na kwenye mwendo mdogo gurudumu la mbele linataka kulala upande mmoja, dereva akawa anapigana nalo kwenye foleni na kwenye kona za uchochoroni.

Hesabu yake si ngumu, na nitaifanya hapa kwa sababu maneno matupu kuhusu wepesi na uzito hayamsaidii fundi. Nichukue pikipiki ya mfano inayofanana na zile zinazojaa vijiweni: gurudumu la mbele la inchi 17 lenye tairi la 2.75, yaani kama milimita 286 kutoka katikati ya ekseli hadi ardhini. Foki zimesogezwa mbele ya mstari wa shingo kwa milimita 35. Shingo imelala digrii 26. Na kati ya ekseli mbili kuna milimita 1,250. Mkokoto wake unakuwa takriban milimita 100. Sasa shusha nyuma au pandisha nyuma kwa milimita 22, zaidi kidogo ya upana wa kidole kimoja, na pikipiki nzima inainama kwa digrii moja, shingo ikiwemo. Kila digrii moja inaongeza au kupunguza mkokoto kwa karibu milimita 6. Kubadilisha gurudumu la mbele kutoka inchi 17 kwenda 18, jambo linalofanyika kila siku kwa sababu tu rimu imepatikana kwa bei nzuri, kunaongeza karibu milimita 10 kwa mkupuo, maana gurudumu lenyewe ni kubwa na pia limeinua mbele. Tairi nene la nyuma linafanya kinyume, linainua nyuma na kupunguza mkokoto, na juu ya hayo linarefusha gia, pikipiki ikawa nzito kuondoka kilimani. Hakuna hata kimoja katika hivi ambacho mnunuzi huambiwa anapolipa.

Mzigo wenyewe ndio fundi mkubwa kuliko wote. Abiria wawili wa mshikaki, au gunia lililofungwa kwa mpira wa tyubu, wanaizamisha nyuma ya pikipiki ile ya mfano kwa sentimita nne au tano. Kwa milimita 44 shingo inalala digrii 28, na mkokoto unafika 112. Na hapo sijazungumzia bado keria. Keria nyingi zinazochomelewa hupitiliza ekseli ya nyuma, kwa sababu mbele yake kuna kiti na kiti kina abiria. Kilo 60 zikikaa milimita 300 nyuma ya ekseli, ekseli inageuka kuwa mhimili wa wenzo, na gurudumu la mbele linapunguziwa zaidi ya kilo 14. Kwa pikipiki ndogo ambayo gurudumu la mbele linabeba labda kilo 75 dereva akiwa juu yake, hiyo ni karibu moja ya tano ya uzito unaoliwezesha tairi kushika barabara. Kwa hiyo mkokoto umeongezeka huku uzito unaoupa nguvu umepungua. Madereva wanaijua hali hiyo kwa mikono yao: usukani unakuwa kama hauna kitu, pikipiki inachelewa kuitika, na kwenye mlima wa changarawe gurudumu la mbele linatafuta njia yake lenyewe.

Mwaka 1971 mhandisi Mwingereza Robin Sharp alichapisha uchambuzi wa hisabati wa uthabiti wa pikipiki, na wanaofanya kazi hii kitaalamu bado wanajenga juu yake. Alizitenga tabia mbili ambazo dereva yeyote akielezwa atazitambua. Moja ni mtetemeko wa usukani: gurudumu la mbele linapiga kushoto na kulia kwa kasi, mara kadhaa kwa sekunde, mpaka mikono inashindwa kuushika. Nyingine ni myumbo wa pikipiki nzima, polepole zaidi, mkia ukienda huku na usukani kule kama vile barabara imekuwa na mawimbi, na huu huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Mtetemeko ni ugonjwa wa mbele. Myumbo unahusu mwili wote, na uzito uliowekwa juu na nyuma ya ekseli ni mojawapo ya vitu vinavyouchochea zaidi. Ndiyo maana viwanda vinavyouza masanduku ya nyuma kwa pikipiki kubwa za safari huandika juu yake kikomo cha uzito, mara nyingi kilo chache tu, na kikomo cha mwendo. Mtu aliyezoea kubeba friji kwenye keria anaweza kuona tahadhari hiyo ni ya kitoto, lakini mwendo wanaouhofia wao ni wa kilomita 130 kwa saa na zaidi, nasi tunauleta ugonjwa ule ule kwenye kilomita 60 kwa kuongeza kilo.

Dawa inayotolewa gereji nyingi ni shokapu ndefu. Nyuma imezama, basi iinuliwe. Inaeleweka, na dereva akipanda na mzigo wake anaridhika mara moja, kwa sababu pikipiki imerudi usawa aliouzoea. Hebu tuifuate hesabu. Tuseme shokapu mpya zimeinua nyuma kwa milimita 44 zile zile, springi zikiwa na ugumu ule ule. Ikibeba, shingo inarudi digrii 26 na mkokoto milimita 100, kama kiwanda kilivyotaka. Lakini mzigo ukishushwa, nyuma inapanda juu ya pale ilipokuwa ikikaa mwanzo, shingo inasimama digrii 24, na mkokoto unabaki 89. Kitovu cha uzito nacho kimepanda. Hapa ndipo penye jambo ambalo naliona halijapewa uzito unaostahili: bodaboda inakwenda polepole ikiwa imebeba na inarudi kwa kasi ikiwa tupu. Dereva aliyeshusha mzigo anawahi abiria mwingine, anawahi hesabu ya bosi, barabara iko wazi na pikipiki imekuwa nyepesi. Shokapu ndefu zimemtengenezea usukani mzuri kwa safari ya kilomita 40 kwa saa, zikamwachia usukani wenye wasiwasi kwa safari ya 80. Akikutana na tuta ambalo halikupakwa rangi, au mstari wa mchanga ulioletwa na mvua, kinga iliyobaki mbele ni ndogo kuliko ile aliyoinunua.

Tofauti kati ya mkokoto wa mzigo na mkokoto wa tupu haikupungua kwa kiasi cha maana. Kabla ya shokapu ndefu ilikuwa kutoka 100 hadi 112. Baada yake ni kutoka 89 hadi 100. Fundi ameihamisha pikipiki nzima upande mmoja wa rula. Anachotakiwa kufanya ni kuufupisha mwendo wenyewe wa kupanda na kushuka, na njia zipo. Ya kwanza haina gharama: shokapu nyingi za bodaboda zina pete yenye ngazi chini ya springi, ya kuzungusha kwa spana ya ndoano, na nimeona zikikaa ngazi ya chini kabisa mpaka kutu ikazishika. Pete hiyo haiongezi ugumu wa springi, inapandisha tu mahali inapoanzia, kwa hiyo ni ya kuongeza wakati wa kubeba na kurudisha wakati wa kushusha, kazi ya dakika mbili. Ya pili ni springi ngumu zaidi kwenye shokapu yenye urefu ule ule wa kiwanda. Springi iliyo ngumu kwa theluthi moja inapunguza kuzama kwa karibu robo, huku tupu ikikaa karibu pale pale. Lakini springi ngumu inataka shokapu yenye mafuta hai ndani yake. Ukiiweka juu ya shokapu iliyokufa inarusha nyuma kila inapokanyaga shimo, na gurudumu lililo hewani halina mkokoto wowote wa kuhesabu. Wanaochomelea jozi ya pili ya shokapu kando ya ile ya kwanza wanapata ugumu maradufu kwa mara moja. Inafaa kwa pikipiki ambayo kazi yake yote ni mizigo, na inamtesa anayebeba abiria.

Njia ya tatu, ambayo ningeiweka mbele ya zote, ni kuusogeza mzigo. Kila sentimita 10 unazoirudisha keria mbele, katika mfano wetu wa kilo 60, zinarudisha karibu kilo 5 kwenye gurudumu la mbele. Mikoba ya pembeni inayoning'inia chini, mbele ya ekseli, inabeba kilo hizo hizo ikiwa imeziteremsha, na myumbo unapungua kwa sababu zote mbili. Kurefusha mkono wa nyuma nako kuna mantiki. Ukiurefusha kwa milimita 100, keria ikibaki ilipo kwenye fremu, mzigo uliokuwa milimita 300 nyuma ya ekseli unakuwa 200, na kilo 14 zinazoondoka mbele zinakuwa 9. Kwa jiometri peke yake, hilo ni badiliko bora kuliko shokapu ndefu. Shida yake iko kwenye chuma. Mkono wa nyuma unasokotwa na cheni upande mmoja na mzigo kutoka juu, na bomba lililokatwa katikati na kuungwa kwa kuchomelea juu juu litapasuka pembeni mwa weldi, pale chuma kilipopikwa na kupoteza nguvu. Fundi anayeingiza kipande cha bomba ndani ya bomba, akachomelea mkato wa mshazari na kuongeza bamba la kuimarisha, anafanya kazi ya heshima. Anayeunganisha ncha kwa ncha na kupiga rangi siku hiyo hiyo asipewe pikipiki ya mtu.

Anayedhani haya ni mawazo ya mtu wa gereji ya uswahilini akaangalie BMW za kuanzia mwaka 1955 hadi 1969. Zilitumia foki za aina ya Earles, zilizobuniwa na Mwingereza Ernest Earles, ambamo gurudumu la mbele linashikwa na mkono unaopanda na kushuka badala ya mabomba mawili ya kuteleza. Kiwanda kiliweka matundu mawili ya kufungia mkono huo: moja la pikipiki inayokwenda peke yake, jingine la pikipiki iliyofungwa kigari cha pembeni. Kuhamisha bolti kutoka tundu moja hadi jingine kulifupisha mkokoto, kwa sababu chombo cha magurudumu matatu hakilali kwenye kona na mkokoto mrefu unamchosha dereva mabega. Wahandisi wale walikiri, kwa chuma, kwamba pikipiki moja ikipewa kazi mbili inahitaji usukani wa aina mbili. Bodaboda zetu zina kazi mbili kila siku na tundu moja tu.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia linatoka kwa vijana wenye picha za choppa kwenye simu zao. Wanauliza: mbona Wamarekani walirefusha foki mpaka gurudumu likaenda mita moja mbele, na pikipiki zikatembea? Choppa maarufu kuliko zote, ile aliyopanda Peter Fonda katika filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969, ilikuwa kazi ya Wamarekani weusi wawili, Clifford Vaughs na Benjamin Hardy, ambao majina yao yalichelewa sana kupewa heshima, na mtu anayejali ufundi hapaswi kuwadharau. Lakini waliijenga juu ya Harley-Davidson nzito, kwa barabara pana zilizonyooka, na mkokoto wa pikipiki za namna hiyo unaweza kupita milimita 200. Zinakwenda moja kwa moja kwa utulivu mkubwa na zinagoma kwenye kona ya mtaani. Kibaya zaidi ni kwamba picha haionyeshi jinsi foki zilivyolazwa. Ukikata shingo ya fremu na kuilaza, mkokoto unaongezeka. Ukiiacha shingo kama ilivyo, ukafunga vishikio vinavyozilaza foki peke yake kutoka kwenye mstari wa shingo, mkokoto unapungua, na ukizidisha unaweza kuisha kabisa. Kwa macho pikipiki hizo mbili ni ndugu. Moja ni nzito kugeuza, nyingine itatetemeka usukani mpaka imwangushe aliye juu yake. Mafundi wa Marekani wanaojua kazi yao hutumia njia zote mbili pamoja, moja ikirudisha kilichoondolewa na nyingine. Anayeiga picha anaiga nusu.

Pingamizi la pili ni la wasomi, na lina nguvu zaidi. Tony Foale, mwandishi wa kitabu kinachoheshimika kuhusu fremu na uendeshaji wa pikipiki, katika miaka ya 1980 alichukua BMW akaisimamisha shingo yake kutoka pembe ya kawaida hadi digrii 15, kisha hadi sifuri, wima kabisa. Ikaendeshwa barabarani, na ikatulia. Je, pembe basi haina maana? Foale aliubakiza mkokoto karibu na ule wa mwanzo kwa kubadilisha mahali foki zinaposhikwa. Alichokionyesha ni kwamba pembe ya shingo, ambayo kila mtu huiangalia kwa sababu inaonekana, ina umuhimu mdogo kuliko mkokoto usioonekana. Kwetu pembe na mkokoto vinakwenda pamoja kwa sababu hatubadilishi vishikio, tunainamisha pikipiki nzima. Mbunifu wa pikipiki Erik Buell naye, katika pikipiki yake ya XB9R ya mwaka 2002, alisimamisha shingo hadi digrii 21 na kufupisha umbali wa ekseli, lakini mkokoto akauacha kwenye milimita 80 na kitu, na uzito akaukusanya katikati, mpaka mafuta ya petroli akayaweka ndani ya fremu.

Kuna hoja nyingine inayokwenda mbali zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Delft, Uholanzi, na wa Cornell, Marekani, walichapisha katika jarida la Science habari za baiskeli waliyoitengeneza bila mkokoto wa kawaida, ukiwa hasi kidogo, na magurudumu yake yakifutiwa nguvu ya mzunguko kwa magurudumu mengine yanayozunguka kinyume. Ikisukumwa bila mtu, ilijisimamisha yenyewe. Kwa hiyo mkokoto si sharti pekee la uthabiti, na ninalikubali hilo bila shida. Ila ni nini kilichoisimamisha? Ni mpangilio wa uzito: wapi umewekwa, uko chini au juu, uko mbele au nyuma ya mhimili wa usukani. Jaribio linaloonekana kuupunguza umuhimu wa mkokoto linaipandisha keria kuwa suala la kwanza. Watafiti wale walipanga uzito kwa makusudi, kwa hesabu. Kijiweni uzito unapangwa na mpira wa tyubu na haraka ya mteja.

Halafu kuna dereva mwenyewe, anayesema anaijua pikipiki yake kuliko fomula yoyote. Simbishii. Mikono ya mtu anayeshinda barabarani kutwa inakamata mabadiliko ambayo hakuna kipimo cha gereji kingeyaona. Lakini mazoea yana mipaka miwili. Mtetemeko na myumbo haviji kidogo kidogo kwa kiwango ambacho mtu anaweza kujifunza navyo. Chini ya mwendo fulani havipo, na juu yake vinakua ndani ya sekunde moja au mbili, mara nyingi kwa sababu ya kitu kidogo kama tairi lililopungua upepo au gololi za shingo zilizoliwa. Na mpaka wa pili ni kwamba pikipiki haina dereva mmoja. Bosi anaipeleka gereji, dereva wa kawaida anaizoea, jioni anaichukua deiwaka ambaye hajaambiwa kwamba shokapu zimebadilishwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wasemavyo wazee, na anayeagiza shokapu ndefu mara nyingi si yeye atakayerudi nayo tupu usiku kutoka Bagamoyo.

Limebaki pingamizi la gharama: gereji ya chini ya mwembe haina mashine ya kupimia jiometri. Haihitaji. Pikipiki isimamishwe kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, watu wawili wakiishika wima, dereva akiwa juu yake na mikono kwenye usukani ulionyooka. Fundi afunge uzi kwenye katikati ya ekseli ya mbele, nati nzito ikining'inia kama timazi, na pale inapogusa sakafu aweke alama ya chaki. Achukue bomba la maji lililonyooka, aliegemeze sambamba na katikati ya foki, alishushe mpaka sakafuni, aweke alama ya pili. Foki ziko mbele ya mstari wa shingo, kwa hiyo kutoka alama ya pili arudi nyuma kwa umbali uliopo kati ya katikati ya foki na katikati ya nati kubwa ya usukani, akiongeza sehemu ya kumi ya umbali huo kufidia mlalo. Kilichobaki hadi alama ya kwanza ndio mkokoto. Kisha apandishe mzigo wa kawaida, gunia halisi na abiria halisi, arudie. Akikosea milimita tano, amekosea tano zile zile mara mbili, na tofauti anayoitafuta haikuguswa. Kabla ya kufungua chochote, ajue kwanza gololi za shingo hazichezi: ashike ncha za foki chini na kuzivuta mbele na nyuma, breki ikiwa imeachiwa, gurudumu likiwa juu. Shingo inayogonga inafanya vipimo vyote kuwa vya uongo.

Namba hizo mbili ziandikwe kwa rangi chini ya kiti, pamoja na tarehe na saizi ya tairi, ili deiwaka na fundi anayefuata wazikute. Kwa kadiri ninavyoijua kazi hii, pikipiki ndogo ambayo mkokoto wake wa tupu haushuki chini ya milimita 90, na ambayo mzigo wake wa kila siku hauuongezi kwa zaidi ya 10, inaweza kuwekewa keria, taa, viti na rangi zozote ambazo mwenyewe anazipenda. Tofauti ikizidi hapo, shokapu zisubiri. Fundi alete msumeno, akate keria, aisogeze mbele, na kumweleza mteja kwamba nafasi ya abiria wa pili imeondoka.